Msamaha Aliopewa Kaka Yangu

Kaka yangu Mwinjuma alizikwa siku ya Jumatano baada ya swala ya alasiri, na kabla jeneza halijanyanyuliwa alisamehewa kosa ambalo hakulifanya. Watu wa Boko wanamkumbuka kuwa ni yule fundi sofa aliyekuwa akitembeza familia bwawani kutazama ndege. Wakishalisema hilo huinamisha kichwa, huongeza neno la pili kwa sauti ya chini juu ya aliyemsingizia, halafu humwombea Mungu amrehemu. Neno lile la pili ndilo lililonifanya niandike.

Mimi ni Naima, mdogo wake wa mwisho. Mke wa kaka alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, nami nilipofiwa na mume wangu nilihamia kwake, nikawa napika, nashona vitambaa vya viti vyake, na kugombana naye kuhusu sukari anayotia kwenye chai.

Tulizaliwa Kinondoni, wakati minazi ilikuwa bado inaonekana kati ya nyumba. Mwinjuma hakupenda shule. Alimpenda mjomba wetu, na mjomba alikuwa mtegaji wa ndege. Kwake alijifunza kupika ulimbo: utomvu wa mfenesi, mafuta kidogo, moto wa polepole, mpaka unavutika kama bigijii. Unaupaka kwenye njiti, unazichomeka karibu na maji, na pembeni unaweka tundu lenye ndege mmoja wa kuwaita wenzake. Chiriku anatua mara moja tu. Mwinjuma aliifanya kazi hiyo ujana wake wote. Ndege aliwapeleka kwenye ghala moja Temeke, kutoka hapo wakasafirishwa nje, sijui nchi gani, wala yeye hakujua.

Aliacha kabla serikali haijaipiga marufuku biashara hiyo. Siku moja alifika ghalani akakuta kreti zima la ndege limekufa kwa joto, akaambiwa akawatupe jalalani. Hakuwatupa. Aliwafukia nyuma ya ghala, akaenda msikitini, akatubu. Tangu siku ile sikumwona akishika tundu. Akajifunza useremala, akaja Boko, akajenga banda la mabati kando ya barabara ya Bagamoyo, akawa fundi sofa.

Nyuma ya nyumba zetu kuna shimo la zamani la machimbo ya mawe. Masika linajaa maji, na mtaa umeliacha eneo lile wazi kwa ajili ya watoto kucheza. Pana mikwaju, pana matete, na pana ndege wengi kuliko unavyotarajia mahali penye kelele za bodaboda. Sisi tunapaita Bwawani tu.

Matembezi yaliyomletea balaa yalianza na swali la mtoto. Mwalimu Tupokigwe, jirani yetu Mnyakyusa ambaye wote tunamwita Mama Blessing, alileta kiti kivishwe kitambaa kipya. Binti yake Blessing akaona ndege wa kijani kwenye waya wa umeme, akauliza anaitwaje. Mama yake akasema, "Ndege tu." Mwinjuma akatoa misumari mdomoni.

"Keremkerem huyo," akasema. "Anakula nyuki. Anampiga kwanza kwenye tawi, sindano itoke, ndipo ammeze."

"Umejuaje?"

"Nilikuwaga mtu mbaya kwao."

Jumamosi iliyofuata Mama Blessing na mtoto wake walikwenda naye Bwawani. Jumamosi nyingine zikaja familia mbili, na baadaye zikawa nyingi mpaka nikalazimika kupika chai ya birika kubwa. Kaka alichagua Jumamosi ili wa Ijumaa na wa Jumapili wote wapate nafasi. Wasabato walilalamika, akawaambia watazame ndege wakielekea kanisani. Sharti lake lilikuwa moja: mtoto haji bila mzazi. Alijua mji huu siku hizi unavyomtazama mwanamume anayeongozana na watoto wa watu vichakani.

Nilikwenda nao mara nyingi. Tuliondoka nyasi zikiwa bado na umande, akina mama wamefunga khanga juu ya magauni, akina baba wameshikishwa watoto wadogo. Bwana Adelard, karani wa kampuni moja ya mizigo, alikuja na darubini ya marehemu baba yake na kila mtu akataka kuishika.

"Nyie Wahaya bwana," Mwinjuma akamtania, "hata ndege mnataka muwaone wakubwa kuliko walivyo!"

"Siyo wakubwa, fundi. Wa karibu."

"Basi tulia, atakuja karibu mwenyewe. Haya, watoto, kwenye ua jekundu pale. Chozi huyo, anakunywa asali ya ua. Msimnyooshee kidole, kidole kinamtisha. Mtazame kwa macho, kisha mwambie mwenzio sikioni."

Na watoto wale waliokuwa wanapiga kelele njia nzima walianza kunong'onezana. Tuliwaona mnana wakisuka viota juu ya matete, dume anajenga, jike anakuja kukagua, akikataa dume anabomoa na kuanza upya. Akina mama walikipenda kisa hicho kuliko vyote. "Mwone mwanamume mwenye adabu," wakasema, na waume zao wakajifanya wanatazama mdiria upande wa pili.

Lakini mji huu hauamini kitu cha bure. Kijiweni walianza kuulizana anapata nini. Mmoja alisema anajitengenezea njia ya udiwani. Mwingine alisema Wazungu wamemtuma apime eneo, na siku si nyingi tutaamka tukute alama za X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta zetu. Wazee waliomjua tangu Kinondoni hawakuhitaji kubuni. Walisema, "Yule mtega ndege? Fisi amekuwa mchungaji?"

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mzee Abdulrahman. Ni mstaafu wa bandarini, mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye kauli inayosikilizwa. Ukuta wa nyumba yake unapakana na Bwawani. Asubuhi moja alisimama kwenye geti lake dogo akatungoja tupite.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia.

"Marahaba. Mwinjuma, darubini hiyo inatazama ndege, au inatazama uani kwangu?"

"Inatazama ndege, mzee."

"Ndege mwenyewe ametua juu ya ukuta wangu. Nyuma ya ukuta yupo mke wangu. Sasa niambie, hapo anaonwa nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile kaka aliwapitisha watu upande wa mbali.

Masika yalipokolea, Jumamosi moja, Blessing alimwona mnana ananing'inia kichwa chini kwenye tawi la mkwaju linaloegemea ukuta wa Mzee Abdulrahman. Alikuwa hai. Bawa na miguu vilikuwa vimenasa. Mwinjuma alipanda jiwe, akakata kijiti, akaomba mafuta ya kula. Akamlainisha unyoya mmoja mmoja, huku sote tumemzunguka, mpaka ndege akaachia akabaki kiganjani mwake akitweta. Kisha kaka akakinusa kile kijiti.

"Siyo ulimbo huu. Gundi ya panya. Ile ya dukani."

Nilitazama watu wanatazama wapi, nikaona wanatazama mikono yake. Fundi sofa hushinda na gundi. Mikono ya kaka yangu ilikuwa na utando wa gundi kavu ya manjano usiotoka kwa sabuni. Namwogopa Mungu, siwezi kusema uongo: hata mimi niliitazama.

Mzee Abdulrahman alikuwa ametoka akasimama nyuma yetu. "Katika mtaa huu," akasema, "nani aliwahi kuifanya kazi hii? Mie nauliza tu."

"Mie niliifanya," Mwinjuma akasema. "Na nikaiacha."

"Mlevi naye huacha kila Ramadhani."

Gundi ilionekana tena, na tena. Kila mara kwenye tawi lile lile au la jirani yake, na kila mara pana mnana wamekufa au wamebakiza manyoya. Familia zikaanza kupungua. Bwana Adelard akasema mtoto wake ana mafua, mafua yasiyoisha. Waliobaki walitembea wakiwa hawamtazami ndege, wanamtazama fundi.

Ndipo Mzee Abdulrahman akaapa mbele ya watu baada ya swala kwamba mwenye mkono ule, awe nani, hatakaa mtaa huu akiwa yeye yupo hai, na akataka isomwe Halbadiri. Kwa asiyeijua, ni kisomo kizito ambacho watu wa pwani hukikimbilia wakiibiwa au wakidhulumiwa. Kinasomwa, mwovu anaombewa afichuke, na watu huamini kwamba akikaidi humpata balaa. Imamu wetu alikataa. Alisema jambo lile si la kuchezea, na kwamba Mungu hashurutishwi na mtu mwenye hasira. Mzee Abdulrahman akamleta msomaji kutoka Mbagala.

Nilimsihi kaka asiende.

"Nisipokwenda watasema nini?" akaniuliza.

"Na ukienda, kesho ukaumwa kichwa tu, watasema nini?"

Akacheka. "Basi tuombe Mungu aniepushe na mafua ya mtoto wa Adelard. Naima, pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Akavaa kanzu yake nyeupe akaenda. Kisomo kilifanyika barazani kwa Mzee Abdulrahman. Mkewe, Bi Zubeda, ndiye aliyepika pilau. Sisi wanawake tulikaa ndani, na Mama Blessing, Mlutheri wa watu, alikaa nami mlangoni. "Mie siyo dini yangu," akaninong'oneza, "lakini na mie naogopa." Tulimsikia msomaji akimtaja mwovu: yeyote anayetega ndege wa pale kwa tamaa ya kuwauza. Na nikaisikia sauti ya kaka yangu ikiitikia "Amina" kwa nguvu kuliko sauti za wote.

Haukupita muda mrefu akakanyaga msumari bandani. Msumari mdogo wa kupigilia kitambaa, hata damu haikutoka ya kutosha. Lakini Mwinjuma alikuwa na kisukari cha miaka, na kidonda cha mtu wa kisukari si kidonda cha mtu mwingine. Mguu ulivimba, ukabadilika rangi. Hospitali walisema tumechelewa, wakataka kuukata, na kabla hawajaukata homa ikampanda. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake namfuta uso.

"Usiwasikilize," akaniambia. "Huu mguu ni chai yako."

"Chai yangu ina sukari unayoitia wewe."

"Kweli." Akafumba macho. "Wamekwenda Jumamosi hii?"

Nikamdanganya kwamba wamekwenda. Akafa alfajiri iliyofuata, Mungu ampe kauli thabiti.

Msiba wake ulijaa watu, lakini niliwaona wanavyokaa. Wanawake walinishika mkono wakasema pole, kisha wakatazamana. Nikapita nyuma ya jiko nikasikia mmoja akisema, "Mguu ule ule uliokuwa unakwenda bwawani." Bi Zubeda alilia sana. Alilia kunizidi mimi niliyezaliwa tumbo moja na marehemu, mpaka nikajiuliza kaka yangu alikuwa nani kwake. Nikayafukuza mawazo yale, maana msiba huleta shetani wake.

Kisha ikaja saa ya kumtoa. Kama ilivyo desturi, imamu akauliza kama marehemu ana jambo na mtu yeyote, na akawaomba watu wamsamehe. Mimi nilikuwa dirishani. Watu wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Walipokwisha kunyamaza, Mzee Abdulrahman akapaza sauti yake peke yake:

"Na lile la ndege, mie kwa niaba ya mtaa, tumemsamehe. Mungu naye amsamehe."

Watu wakasema "Amina."

Aliyesamehewa akiwa jenezani amekwisha hukumiwa, na hana pa kukatia rufaa. Wakamnyanyua kaka yangu wakaondoka naye akiwa na kosa lile juu yake, na walifanya hivyo kwa wema. Tangu saa ile sikutaka kitu kingine duniani ila msamaha ule urudishwe.

Bwawani hapakwenda mtu tena. Hitima ya arobaini ilipokaribia, shule zikiwa zimefungwa, Mama Blessing akachoka kusumbuliwa na mtoto wake, akamchukua wakaenda wawili. Alirudi mbio na ndala mkononi.

"Da Naima! Gundi! Mbichi, tawi lile lile!"

Nikamwona mnana aliyemfunga kwenye kitambaa, amekufa. Nikasema Alhamdulillahi. Nilimshukuru Mungu kwa kifo cha kiumbe chake asiye na hatia, na bado namwomba anisamehe. Nikajitanda khanga, nikachukua kile kijiti, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Abdulrahman. Nilimkuta barazani akisoma gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Kaka yangu yuko kaburini. Nani amepaka hii?"

Alikitazama kijiti bila kukigusa. "Umekitoa wapi?"

"Tawini. Mama Blessing ndiye aliyekiona."

"Rafiki yako." Akakunja gazeti. "Sikiliza, Naima. Nakuhurumia. Damu ni nzito. Lakini gundi ya panya inauzwa kila duka. Nani atanithibitishia kwamba hukuipaka wewe, ili umsafishe ndugu yako?"

Sikuwa nimefikiria kwamba mtu anaweza kuwaza hivyo. Na nikiwa njiani narudi nikaona kwamba kila mtu atawaza hivyo. Nikilipeleka jambo lile kijiweni, nitakuwa nimemwongezea marehemu dada mwongo.

Mama Blessing hakukubali. "Mie nilipita pale Ijumaa asubuhi kwenda sokoni, tawi lilikuwa safi. Jumamosi asubuhi gundi ipo na ina vumbi, na ndege amekwisha kauka. Kwa hiyo ilipakwa Ijumaa mchana."

"Mchana kweupe, watu wote wakiona?"

"Watu gani? Nyie Ijumaa adhuhuri wanaume wenu wote si mnawapeleka msikitini?"

Ijumaa iliyofuata, adhana ilipolia na kanzu za mwisho kuharakisha barabarani, tulikwenda tukakaa nyuma ya mawe makubwa ya machimbo. Tulichukua beseni la nguo ili atakayetuona adhani tunafua. Mama Blessing alikuwa ameshika fimbo kama mtu ashikavyo mwiko. Kila aliyepita nilimshuku: muuza maji, dereva wa bodaboda aliyekuja kukojoa, hata shemeji yake Bwana Adelard. Nilimshuku Adelard mwenyewe ambaye wakati ule yuko ofisini mjini. Mtu akishaanza kushuku, macho hayamtoshi.

Kisha lile geti dogo la Mzee Abdulrahman likafunguka, akatoka Bi Zubeda.

Alikuwa na kopo na kijiti. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akavuta tawi akaanza kupaka taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Kupitia geti lililo wazi niliona uani kwake: mikeka imetandazwa juani, imejaa mtama na ulezi. Nilikumbuka kwamba anauza unga wa uji wa lishe. Juu ya ukuta mnana walikuwa wamejipanga wakisubiri aondoke.

Mama Blessing alifika kabla yangu. "Bi Zubeda! Unafanya nini?"

Kopo likamponyoka. Alikaa chini pale pale kwenye mavumbi.

"Wananimalizia mtama," akasema. "Naanika asubuhi, mchana nakuta maganda. Nimewafukuza, nimefunga makopo, nimeweka sanamu. Mzee hataki niweke chandarua, anasema uani patakuwa kama kambi."

"Na ulikaa ndani ukasikiliza Halbadiri," nikamwambia.

"Nilisikiliza kila neno." Akanitazama, na nikaona kweli hakuwa akinidanganya. "Kisomo kilisema anayetega kwa tamaa ya kuuza. Mie sitegi, mdogo wangu. Mie nalinda mtama wangu. Siuzi ndege, nauza uji. Hakikunihusu. Lakini nilikuwa naogopa, silali. Kisha Mwinjuma akaumwa, akafa. Nikasema basi, kumbe naye alikuwa anatega kwa siri. Mungu hakosei."

"Mungu hakosei. Ila wewe ulikuwa unajua mkono ni wako."

Akaanza kulia kama alivyolia msibani, na sasa nikayaelewa machozi yale, sehemu yake. Mama Blessing alikuwa hataki kuelewa chochote. "Twende kwa mwenyekiti wa mtaa saa hii hii, na kopo lake!"

"Naima," Bi Zubeda akanishika miguu, "unakijua kiapo cha mzee. Aliapa mbele ya watu. Ananitoa. Kwetu hawapo waliobaki. Nisitiri, Mungu atakusitiri."

Nimesoma madrasa na nimesoma mpaka kidato cha nne, na katika yote sikufundishwa la kufanya pale. Kumsitiri mwenzio ni ibada. Na kaka yangu, nani amsitiri? Nilimtazama yule mwanamke miguuni pangu na sikumwamini. Nilihisi nikiondoka tu ataosha kopo, na nikisema kesho atakana. Lakini pia nilijua kwamba nikipiga kelele, watu watakuja, na watakachokumbuka siku zote ni mwanamke aliyefukuzwa, siyo mwanamume aliyesingiziwa.

"Hitima ni Jumapili," nikamwambia. "Mwambie mumeo wewe mwenyewe. Namna utakavyomwambia ni yako. Ila wakimaliza dua, msamaha wake usiporudishwa kwa mdomo ule ule uliousema, nitasimama mie mbele ya wanaume, na nitasema."

Jumapili watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani. Chakula cha bure, Mungu anisamehe, hakishukiwi. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake uani na vyombo. Bi Zubeda alikuja mapema, amevaa baibui, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria bila kunitazama. Mzee Abdulrahman hakuwepo. Kisomo kikaanza hayupo, kikafika katikati hayupo. Nilikwisha jifunga khanga ya pili kiunoni, tayari.

Alifika wakati wa dua. Alikaa nyuma, mtu wa safu ya mbele, kwenye ukingo wa mkeka. Imamu alipofunga, akanyanyua mkono.

"Ndugu zangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze. "Siku ya mazishi nilisema nimemsamehe marehemu lile la ndege. Nimekuja kuuchukua msamaha wangu. Mwinjuma hakuwa na kosa la kusamehewa. Aliyekosa hakuwa yeye. Mie ndiye ninayemwomba yeye radhi, na namwomba dada yake."

"Nani basi?" mtu mmoja akauliza.

"Sina la kuongeza."

Hakutaja jina. Akasimama, akavaa viatu vyake, na watu wakampisha njia pana kuliko upana wa mtu mmoja.

Nilikuwa nimeegemea nguzo ya mlango. Nilichokitaka nilikipata, neno kwa neno. Nilimwambia kaka yangu moyoni: umesikia? Kisha, kabla hata sijajifuta uso, nikaanza kusikia uani.

"Kumbe ni yeye mwenyewe!"

"Ndiyo maana alimkimbilia fundi wa watu."

"Si tawi liko ukutani kwake? Mie nilisema."

"Na kisomo akakilipia yeye! Mtu na akili zake ajisomee Halbadiri?"

"Ngojeni tu. Itamfikia. Mtaona."

Mama Blessing alinitazama kutoka upande wa pili wa uani, ameshika sinia, nyusi juu, anauliza bila kusema. Bi Zubeda alikuwa katikati yao, amekaa kwenye kigoda, mikono imezama kwenye maji ya kuoshea sufuria ya pilau. Sijui alimwambia nini mumewe. Sijui kama mzee alisikia jambo jipya, au alikuwa akilijua tangu mwanzo na mikeka ya mtama ya mkewe iko mbele ya macho yake kila siku. Najua tu kwamba wanawake wale walikuwa wanamsema mumewe mbele yake, wakimwonea huruma, na mmoja alimpiga piga begani akasema, "Pole, mwenzetu, ndoa ni siri."

Nikasubiri aseme. Alimwaga maji machafu, akaichukua sufuria nyingine, akaanza kuisugua.